Akisoma Historia Atakula Nini?

Mpwa wangu ameitwa chuo kikuu kusomea historia na fasihi. Juzi barazani, hapa Mji wa Kale, shemeji yangu aliniuliza: “Akishasoma hayo, atakula nini?” Karo ni nzito, na mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.

Mimi nina diploma ya ufundi na imenilisha. Lakini ufundi wa kazi moja huanguka pamoja na kazi hiyo. Mwaka 2019 iliamriwa mizigo ya bara ipakiwe treni, ikatolewe Nairobi. Mawakala wa forodha hapa Mombasa walibaki mikono mitupu, na amri hiyo haikuondolewa hadi 2022. Aliyejua forodha tu angehamia wapi?

Elimu pana ni ile inayomsomesha mtu historia, lugha, falsafa, hesabu na sayansi kwa pamoja, ajue kupima hoja na kuandika fikra zake. Marekani ina vyuo vizima vya namna hiyo. Nasi si wageni nayo: masheikh wetu walisoma fiqhi pamoja na nahau na mashairi, hesabu za kugawa mirathi, na falaki ya kujua nyakati za swala.

Chuo kikuu cha ufundi kilichoko Tudor kilianza kama MIOME, kilichoasisiwa kuwapa vijana Waislamu ufundi. Miaka ya 1950 alifanya kazi hapo kijana wa Mombasa, Ali Mazrui, mzaliwa wa 1933, ambaye alama zake za sekondari hazikumwezesha kuingia Makerere. Baadaye alisoma siasa na falsafa Manchester, kisha Columbia na Oxford, akarudi kuwa profesa Makerere ile ile.

Si kila mtoto atakuwa Mazrui. Na chuo kinachomkaririsha mwanafunzi maandishi ya mwalimu tu hakimpi elimu pana, hata kikiiita historia. Ndiyo maana nilimwambia shemeji: mwache binti asome, lakini aongeze ujuzi wa kushika mkononi, kama uhasibu au kompyuta. Ufundi utampa kazi ya leo. Elimu pana itamsaidia kuitafuta ya kesho.

Na kuna sisi tuliobaki. Katika majumba haya mna hati za ardhi, barua na vitabu vya herufi za Kiarabu, na wanaojua kuvisoma wanapungua. Tukiwakataza watoto wetu kuisoma historia ya mji huu, tusilalamike wengine wakituandikia.