Simu Hupitia Langoni

Anayetaka kuingiza laini ya simu gerezani hukata kipande cha sabuni ya kufulia kwa waya, huichimbia laini ndani, kisha hukibandika tena na kupitisha kidole chenye maji juu ya mshono. Kwa macho huoni kitu. Kipinde kidogo kwa mikono miwili, mshono utaachia. Kazi yangu kabla sijastaafu ilikuwa langoni, kuwapekua akina mama waliokuja kuwaona waume na watoto wao, na sabuni za aina hiyo nilizinasa. Nilinasa pia bangi iliyoshonewa ndani ya pindo la sweta.

Lakini jambo hili linaniuma, na nitalisema. Mzigo mkubwa haukupitia kwa wale akina mama. Mama wa sabuni alivuliwa viatu na kufumuliwa nywele, huku afande anayeingia zamu akipita na mkoba wake begani, hakuna wa kumgusa. Simu ya mulika mwizi, ile ya vibonyezo, ikishavuka ukuta bei yake hupanda mara kadhaa. Askari jela wa cheo cha chini, anayelala na familia yake katika chumba kilichogawanywa kwa pazia, anaiona faida hiyo kila asubuhi. Shida zake nazijua, niliishi nazo. Hata hivyo aliapa, na anayeumia ni mtu wa mbali asiyemjua.

Mtu huyo anaweza kuwa mamako. Ujumbe unaingia kwenye simu yake kwamba amepokea pesa. Kabla hajamaliza kuusoma, mfungwa mwenye simu kama ile anampigia: "Mama, samahani sana, nimekosea nambari. Hizo ni za hospitali, mtoto amelazwa. Nirudishie, Mungu akubariki." Ujumbe ni wa kubuni. Hakuna pesa iliyoingia, na atakayoituma ni yake mwenyewe. Si matapeli wote wa namna hii walio jela, ila walio jela ni wengi kiasi kwamba Wakenya wakipokea simu kama hiyo hutaja Gereza la Kamiti papo hapo. Mwambie aangalie salio lake kwanza. Ikiwa kweli pesa zimeingia M-Pesa kimakosa, aliyezituma ana njia yake: apeleke ujumbe wa muamala kwa 456, kampuni ishughulike.

Na hatari haiishii kwenye simu: Kamiti hiyohiyo ndiko walikotoroka wafungwa watatu wa ugaidi mnamo Novemba 2021, mmoja wao akiwa amefungwa kwa kesi ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, lililoua watu 148 mwaka 2015. Serikali ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 60. Rais Uhuru Kenyatta alimfuta kazi mkuu wa magereza, Wycliffe Ogalo, na askari kadhaa wakakamatwa wakishukiwa kuhusika. Watoro walipatikana Kitui siku chache baadaye, wanakijiji walipowatilia shaka. Watu wasio na bunduki wala mnara wa ulinzi walitambua haraka kwamba wageni hawa hawaeleweki. Nilisikia aibu kama aliyekuwa zamu mwenyewe.

Ningepewa amri, ningeanza na sare: kila anayeingia apekuliwe, hata mkuu wa gereza, na wapekuzi wabadilishwe mara kwa mara wasije wakazoeana na wanaowapekua. Kisha ningeweka simu halali ndani, zenye kusikilizwa na kuandikishwa. Bila hizo, mfungwa wa kutoka Lodwar, ambaye mkewe hana nauli ya kuja Nairobi, atamlipa askari ili aongee na wanawe dakika mbili. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofanya wageni wazuiwe magerezani, hata wenye jamaa wa karibu walijikuta katika hali hiyohiyo. Mfungwa wa namna hii hana nia ya kumtapeli mtu, lakini pesa yake ndiyo inayomzoesha afande kubeba simu ya kwanza, na anayenunua ya pili ni tapeli.