Mafuta ya Mwili Hayapokei Oda

Fundi cherehani wa Igamba, Mbozi, akishazungusha futi kamba kifuani, kiunoni na nyongani, anajua jambo ambalo mizani ya zahanati haimwambii mtu. Wanaweza kuja wateja wawili wa kilo 72, urefu uleule, na kitenge kilekile kutoka Tunduma, lakini gauni la mmoja likabana tumboni na la mwenzake likakwama mapajani. Wote wawili wamemwambia fundi maneno yaleyale: nishonee kitu kinitoe umbo namba nane. Fundi ataongeza pensi, ataficha hapa na kubana pale, na Jumamosi harusini kila mmoja atapendeza. Mimi ninayeandika masuala ya lishe naletewa ombi hilohilo bila kitambaa. Wanawake wa Mbozi wananiuliza wapunguze vipi tumbo bila kupoteza hipsi, au waongeze vipi makalio bila kuongeza kitambi.

Jibu la kweli linaudhi kidogo. Unaweza kuamua, kwa kiasi kikubwa, mwili wako ubebe mafuta mengi au machache. Yakae wapi, hilo huulizwi.

Daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, alilieleza hilo mwaka 1947, wakati wenzake wengi walikuwa wanaangalia kilo tu. Aligundua kuwa wagonjwa wake wanene hawafanani kwa hatari. Wale waliobeba mafuta tumboni na sehemu za juu za mwili ndio waliosumbuliwa na kisukari na magonjwa ya moyo, kuliko wale walioyabeba kwenye nyonga na mapaja. Tafiti za miongo iliyofuata zimeonyesha sababu. Mafuta ya mapajani na makalioni yako chini ya ngozi, yametulia. Ya tumboni ni ya aina mbili: yako yale unayoweza kuyashika kwa vidole, ambayo watu huyaita nyama uzembe, na yako yaliyojificha ndani zaidi, yanayozunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo yenye fujo. Humwaga asidi za mafuta zinazofika kwenye ini, na mwili huanza kuisikiliza insulini kwa shida.

Anayepanga nani abebe wapi ni homoni kwanza, na urithi unamfuatia kwa karibu. Msichana akivunja ungo, estrojeni huelekeza akiba kwenye nyonga na mapaja. Chembe za mafuta za huko zina vipokezi vingi vinavyozuia akiba isitoke ovyo, na za tumboni zina vipokezi vingi vya kuifungulia. Mlango wa mapajani hulegea zaidi mama anaponyonyesha, kwa sababu maziwa yanahitaji mafuta. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na akiba mpya huanza kuelekea tumboni. Ndiyo maana mama wa miaka 53 hulalamika kwamba anakula kama zamani, analima kama zamani, lakini sketi hazifungi. Hajafanya kosa lolote. Na kama unataka kukisia mapaja yako yatakuwaje baadaye, mwangalie mama yako, kisha mwangalie shangazi yako, maana urithi wa baba nao upo.

Hapo ndipo biashara ya kupunguza sehemu moja inapoanguka. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima mikono ya wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja umefanya kazi mara nyingi kuliko mwingine kwa miaka. Misuli ya mkono wa raketi ilikuwa mikubwa zaidi, ila tabaka la mafuta chini ya ngozi lilikuwa sawa mikono yote miwili. Mwaka 1984 wengine waliwapa vijana mazoezi ya tumbo kwa siku 27, jumla mara 5,004 kwa kila mmoja, kisha wakachukua vipande vidogo vya mafuta kutoka tumboni, mgongoni na makalioni. Chembe za mafuta zilikuwa zimepungua ukubwa, ila za tumboni hazikupungua zaidi ya kwingine. Misuli inayofanya kazi huagiza nishati kwenye damu, na damu huchota akiba mwili mzima, popote mlango ulipo mwepesi. Kwa wanawake wengi mlango huo uko usoni, kifuani na tumboni kabla ya mapajani. Kwa hiyo dada anayesema "nimeisha uso, mapaja yako palepale" hajaharibu zoezi. Mkanda wa kubana tumbo unatoa jasho, ambalo linarudi ukinywa maji. Ndimu na tangawizi ni kinywaji kizuri, basi.

Sasa chukua futi kamba ya fundi uitumie kwa kazi nyingine. Asubuhi, kabla ya kula, simama wima. Tafuta kwa kidole mwisho wa mbavu za chini, tafuta na juu ya mfupa wa nyonga, kisha zungusha futi katikati ya hivyo viwili. Pumua nje kama kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Nyonga zipime pale makalio yanapotokeza zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka alama za tahadhari kwa mwanamke: kiuno kinachozidi sentimita 80 kinaongeza hatari, kinachozidi 88 kinaiongeza sana. Ukigawa kiuno kwa nyonga na kupata 0.85 au zaidi, mafuta yamehamia pabaya. Wateja wetu wawili wa kilo 72 wanaweza kusimama hivi: mmoja kiuno 78 na nyonga 104, sawa na 0.75, wa pili kiuno 92 na nyonga 98, sawa na 0.94. Mizani inawaona mapacha. Wa kwanza mapaja yake yanamkera lakini hayamdhuru. Wa pili anatakiwa kupima sukari na presha mwezi huu, hata kama kila mtu anamsifia kwamba amenawiri.

Nasisitiza sifa hizo kwa sababu zina uzito huku kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wana uzito uliozidi. Baadhi yao wala hawatafuti kupungua. Wanatafuta kuongezeka, ila sehemu fulani tu.

Biashara imewasikia. Tunduma inapakana na Nakonde ya Zambia, na katika mji wa mpakani wa namna hiyo bidhaa hupita kwa malori, kwa bodaboda na kichwani. Miongoni mwake zimo dawa za kuongeza hipsi, na mara nyingi kopo halisemi kilichomo. Dawa zinazojulikana kutumiwa hivi Afrika Mashariki na Kongo ni za makundi mawili. La kwanza ni dawa za mzio kama siproheptadini, ambazo huongeza hamu ya kula na usingizi: unakula, unalala, unanenepa, na mafuta yanakwenda yanakopenda yenyewe. La pili ni steroidi, hasa deksamethasoni na prednisoloni. Hizi ni dawa muhimu hospitalini, lakini ukizimeza kila siku kutafuta umbo zinageuka balaa. Daktari mpasuaji wa Marekani Harvey Cushing alieleza mwaka 1932 jinsi mwili unavyokuwa ukizidiwa na homoni ya kundi hili. Uso unavimba kuwa duara, nundu ya mafuta inaota chini ya shingo, tumbo linajaa na kupata michirizi ya zambarau, huku mikono na miguu ikikonda kwa sababu misuli inaliwa. Makalio nayo yana misuli, kwa hiyo hulegea. Mteja alilipia namba nane, akapewa yai lenye miguu ya njiti.

Mkorogo unafikisha mtu palepale kupitia ngozi. Baadhi ya krimu za kung'arisha zina klobetasoli, mojawapo ya steroidi kali kabisa za kupaka. Ukiipaka mwili mzima asubuhi na jioni kwa miezi, inaingia kwenye damu. Nimeshasikia wanawake wakitibiwa kitambi na presha mpaka muuguzi alipouliza, karibu kwa bahati, wanapaka nini. Aliyekwisha kutumia vidonge au krimu hizi kwa wiki nyingi asiache ghafla: huenda tezi zake zinazotengeneza homoni za namna hiyo zimelala, na kuacha kwa siku moja kunaweza kumwangusha kabisa. Aende kituo cha afya na kopo lenyewe mkononi, apunguziwe taratibu.

Lipo kundi jingine ambalo mafuta yao yalihama bila wao kutafuta umbo lolote. Matibabu ya bure ya ARV kwa wenye VVU yalipoanza kusambaa nchini mwaka 2004, dawa mojawapo ya mwanzo ilikuwa stavudini. Iliokoa maisha, na kwa baadhi ya watu ilikula mafuta ya mashavuni, mikononi na miguuni mpaka mishipa ikatokeza. Wengine, wakiwa kwenye matibabu hayohayo, tumbo na matiti viliongezeka. Kijijini watu walijifunza kusoma umbo hilo, na siri ya mtu ikawa haina mlango. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 dawa hiyo iondolewe. Dozi ya sasa ina dolutegraviri, iliyoanza kutumika kwa upana hapa nchini mwaka 2019. Haina tabia ile, ingawa utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg, matokeo yake yakatoka mwaka huohuo, ulionyesha kuwa wanaoitumia huongezeka uzito, wanawake zaidi ya wanaume. Anayeona kiuno kinapanda amweleze mhudumu wa CTC, kliniki anakochukulia dawa, apimwe sukari na presha. Asiruke dozi hata siku moja kwa ajili ya gauni. Mashavu yaliyopotea enzi za stavudini hurudi polepole na mara nyingi si yote, na anayekaa na uso huo hadaiwi maelezo na jirani.

Halafu kuna miguu. Mwaka 1940 madaktari Allen na Hines wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza hali inayoitwa lipedema: miguu yote miwili hunenepa sawasawa kuanzia nyonga hadi kwenye vifundo, kisha unene unakatika kama umefungwa uzi, nyayo zikabaki za kawaida. Inauma ukiibonyeza, inapata vilio vya damu kwa kugongwa kidogo, na hata mwenye nayo akikonda kifua na uso, miguu haitikisiki. Huwapata karibu wanawake peke yao, mara nyingi ikianza wakati wa kuvunja ungo au wa ujauzito. Huku kwetu mwenye nayo huambiwa ana matende. Matende, yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, kwa kawaida huvimbisha unyayo pia, na aghalabu mguu mmoja kuliko mwingine. Na mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu, hasa baada ya kujifungua, si habari ya umbo. Inaweza kuwa damu iliyoganda. Nenda hospitali leo.

Kwa aliye mzima anayetaka kubadilisha umbo, nyenzo iliyobaki ni misuli. Misuli, tofauti na mafuta, inaongezeka pale pale unapoifanyisha kazi. Najua msomaji wa Igamba atacheka: mimi nalima, nachuma kahawa, nabeba maji, mazoezi ya nini tena? Jembe linajenga pumzi na ustahimilivu, ila mzigo wake ni uleule mwaka mzima, na misuli hukua pale mzigo unapoongezeka. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na uzuri wake ni kwamba unaweza kulipunguza au kulijaza. Anza na lita 5. Kaa kwenye benchi, kumbatia dumu kifuani, simama, kisha rudi chini polepole mpaka makalio yaguse benchi bila kujitupa. Mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Zoezi la pili: egemeza mabega kwenye ukingo wa benchi imara, nyayo chini, dumu juu ya nyonga na kanga iliyokunjwa katikati lisikuumize, kisha inua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke. Hili ndilo zoezi la makalio. Inua pia dumu dogo juu ya kichwa, maana mabega yakijaa kidogo kiuno kinaonekana chembamba hata kabla hakijapungua. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, na mara ya mwisho ya kila mzunguko ikianza kuwa nyepesi, ongeza lita. Aliyejifungua karibuni asubiri ruhusa ya mhudumu, na ajue kuwa mkaja unashikilia tumbo lakini hauchomi mafuta.

Misuli inajengwa kwa protini: maharage, dagaa, mayai, karanga, soya. Mbozi havikosekani. Kinachopanua kiuno bila kuonekana ni chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja, ni gramu 36 hivi, na zaidi kijiko kikiwa cha mlima. Shirika la Afya Duniani linapendelea sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, kwa hiyo mboga inayoogelea kwenye mafuta inaweza kuushinda ugali wenyewe kwa kalori. Sisemi uache ugali. Punguza robo ya sahani, weka maharage mahali pake.

Pima mara moja kwa mwezi, tarehe ileile, uandike kiuno na nyonga kwenye daftari. Miezi miwili ya kwanza mizani inaweza isisogee kabisa, kwa sababu misuli inaingia mafuta yakitoka. Kiuno kikishuka sentimita mbili huku nyonga zikibaki palepale, endelea hivyohivyo. Zikishuka nyonga kwanza na kiuno kikagoma, rudi kwenye sukari na mafuta ya kupikia, kisha mwombe mhudumu akupime sukari ya damu.