Mstari Mmoja Katikati ya Kioo

Wewe na mwenzako mmewahi kugombana kwa sababu ya televisheni? Simaanishi nani ashike rimoti. Namaanisha televisheni yenyewe, ikiwa imefunguliwa mgongo, na mumeo ameshaingiza mkono ndani.

Ilikuwa Bashay, kwa wakwe zangu, likizo ya Krismasi. Wanaoyajua maeneo ya Mbulu wanajua baridi ya kule ikifika saa kumi na mbili jioni. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana kibanda cha gemu pale senta: TV mbili za chogo, plestesheni mbili za zamani, mabenchi, na vijana wanaolipa shilingi 300 kwa mechi. Usicheke. Kibanda hicho ndicho kinamlipia ada mdogo wao wa mwisho, na siku za sikukuu ndizo za mavuno.

Mashine zile kubwa za kutumbukiza sarafu, kama Space Invaders ya mwaka 1978 au Pac-Man ya 1980, wengi wetu tuliziona kwenye sinema tu. Huku Bara hata televisheni yenyewe tuliisubiri mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu miaka ya sabini. Gemu zetu zilikuja na TV ya chogo. Wenzetu walipoanza kuhamia bapa, chogo zikauzwa kwa bei ya kutupa, na watu kama shemeji wakazinunua. Tena ana hoja: chogo haicheleweshi picha. Ukibonyeza, mchezaji anapiga shuti palepale.

Basi mkesha wa Krismasi, kibanda kimejaa, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya tatu, TV moja ilikuwa na sauti safi kabisa, lakini picha yote imejikunja kuwa mstari mmoja mweupe, mwembamba, umelala katikati ya kioo. Vijana wakapiga kelele wakidai hela yao.

Mume wangu anafanya kazi za kompyuta mjini. Kwao, maana yake ni kwamba anajua kila kitu chenye waya. Akaomba bisibisi. Mama mkwe akasimama mlangoni, anamwangalia mwanawe kwa fahari. Na mimi, ambaye utoto wangu wote nilishinda kwenye meza ya mjomba wangu fundi redio, nikaona kifuniko kinatoka na mkono unaelekea kwenye ule waya mnene mwekundu wenye kofia ya mpira.

“Baba watoto, toa mkono! Toa!”

Nilifoka. Mbele ya mama yake, mdogo wake na vijana kama kumi na tano.

Waya ule unapeleka kwenye kioo umeme wa volti elfu 20 na zaidi, na kioo huweza kuutunza hata baada ya kuchomoa plagi. Kapasita kubwa ya upande wa pawa nayo inaweza kubaki na volti kama 300. Hayo hayafundishwi kwenye kompyuta za mapajani. Akatoa mkono. Hakusema kitu, na mume wangu akinyamaza namna ile mimi najua.

Asubuhi akaja fundi kutoka Dongobesh. Kwanza hakufungua chochote. Akachomoa plestesheni, akaiwasha TV peke yake: mstari bado upo. Kwa hiyo gemu haina kosa. Halafu akapunguza mwanga, kwa sababu mwanga wote ukikusanyika mahali pamoja unaunguza kioo na kuacha kovu la kudumu. Sisi tuliuacha unawaka nusu saa nzima!

Akatueleza huku anafungua. Picha ya chogo inachorwa na mshale mmoja wa umeme. Unakwenda kushoto na kulia mara 15,625 kwa sekunde, na juu na chini mara 50. Ukiona mstari umelala, ujue kulia na kushoto ni kuzima, na umeme mkubwa upo. Kilichokufa ni cha juu na chini. (Kwenye Pac-Man kioo kimelazwa ubavu, kwa hiyo ugonjwa huohuo ungeonyesha mstari uliosimama.)

Alichomoa plagi, akafunga waya kwenye bisibisi ndefu, ncha ya pili akaibana kwenye waya wa ethi unaozunguka mgongo wa kioo, mkono mmoja ameuweka nyuma. Akapenyeza bisibisi chini ya ile kofia. Tukasikia “ta!” Mume wangu akaruka hatua moja nyuma. Akaniangalia.

Kosa lilikuwa dogo hadi linaudhi. Miguu ya aisi inayoendesha juu na chini ilikuwa na nyufa za duara kwenye risasi. Aisi hiyo hupata joto, hupoa, hupata joto, miaka nenda rudi, mwisho risasi inaachia. Akalehemu upya. Picha ikarudi, ila vichwa vya wachezaji vimekunjwa juu ya kioo. Jirani ya aisi kulikuwa na kapasita iliyokauka kwa joto hilohilo, ya mikrofaradi 100, volti 35. Akatoa nyingine kwenye bodi mbovu aliyokuja nayo. Mume wangu ndiye aliyemshikia tochi muda wote, na maswali yake, nakiri, yalikuwa mazuri.

Shilingi 15,000. Saa sita mchana kibanda kilikuwa kimejaa tena.

Kwenye basi la kurudi ndipo alipofungua mdomo. “Ungeniita pembeni.”

“Mkono wako ulikuwa umebakiza sentimita kumi.”

“Najua. Lakini mama alikuwepo.”

Nikamwomba radhi kwa sauti, si kwa maneno. Hilo la maneno hatujalimaliza. Ila wiki iliyopita nimemkuta sebuleni amenunua chuma cha kulehemu, anafanyia mazoezi kwenye redio mbovu. Plagi ameichomoa.