Tahasusi: Uamuzi wa Kidato cha Nne Unaofungua au Kufunga Mlango wa Chuo Kikuu

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, swali la kwanza la mzazi wa Kilosa au Mikumi huwa ni daraja alilopata mwanawe. Swali la pili, ambalo mara nyingi huulizwa kwa kuchelewa, ni tahasusi ipi atakayosoma Kidato cha Tano na cha Sita. Hilo la pili ndilo linaloamua, miaka miwili baadaye, ni shahada zipi ataweza kuomba.

Mwaka 2024 Serikali, kupitia Ofisi ya Rais – TAMISEMI, ilitangaza tahasusi mpya 49 zilizoongezwa kwenye 16 zilizokuwapo na kufanya jumla ya tahasusi 65. Wigo wa kuchagua umepanuka, na kwa sababu hiyo umuhimu wa kuchagua kwa taarifa sahihi umeongezeka.

Daraja si kigezo pekee

Kwa mujibu wa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), mhitimu wa Kidato cha Sita kuanzia mwaka 2016 anahitaji ufaulu wa alama A hadi E katika masomo mawili yanayotakiwa na programu anayoiomba, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Katika hesabu hiyo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Alama S haihesabiwi kuwa mojawapo ya masomo hayo mawili.

Uchukuliwe mfano wa wanafunzi wawili wa tahasusi ya PCB. Wa kwanza amepata D ya Baiolojia, E ya Kemia na E ya Fizikia. Wa pili amepata C ya Baiolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia. Kwa hesabu ya NECTA wote wamepata Daraja la Tatu, pointi 14. Hata hivyo, masomo mawili bora ya mwanafunzi wa kwanza yanampa pointi 3.0 tu, hivyo hajafikia kigezo cha shahada. Wa pili ana pointi 4.0 na anaweza kuomba programu zinazotaka Baiolojia na Kemia, ingawa Shahada ya Udaktari wa Binadamu haimhusu, kwa kuwa inahitaji ufaulu katika masomo yote matatu.

Funzo la mfano huo lina pande mbili. Kumsukuma mwanafunzi katika tahasusi ngumu kwa sababu ya heshima yake, ilhali alama zake za Kidato cha Nne katika masomo hayo ni dhaifu, kunaweza kumwacha na cheti kisichomfikisha chuo kikuu. Vilevile, kuikimbia tahasusi ngumu kwa hofu kunaweza kumnyima kozi anayoitamani hata akipata Daraja la Kwanza, kwa sababu ufaulu wa Historia na Kiswahili haujazi nafasi ya Fizikia na Hisabati.

Kuanzia na kazi, kisha masomo

Njia salama ni kuanza na kazi inayokusudiwa. Kijana wa Mikumi aliyekua jirani na Hifadhi ya Taifa na anayetaka kusomea usimamizi wa wanyamapori katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, anapaswa kuangalia uzito wa Baiolojia katika tahasusi yake. Wa Kilosa anayeona treni ya reli ya kisasa ikipita na kutamani uhandisi atahitaji, kwa kawaida, Fizikia na Hisabati ya kiwango cha juu.

Kidato cha Tano si njia pekee. Mwenye stashahada yenye wastani wa GPA 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne anaweza pia kuomba shahada, ingawa baadhi ya programu huweka masharti ya ziada. Katika Wilaya ya Kilosa kuna vyuo vya fani za kilimo na ualimu vilivyopo Ilonga, na Mikumi kuna chuo cha VETA kwa wanaotaka ujuzi wa ufundi stadi. Kwa mwanafunzi wa kwanza katika mfano uliotangulia, stashahada ni mojawapo ya njia za kurejea katika safari ya shahada.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kuthibitisha tahasusi, mzazi na mwanafunzi wasome mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka na kulinganisha masomo yanayotakiwa na alama halisi za mwanafunzi. Machaguo yaliyojazwa shuleni yanaweza kurekebishwa matokeo yakishatoka, TAMISEMI inapofungua dirisha la mabadiliko, kabla ya uchaguzi wa wanafunzi kutangazwa.

Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, na maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni. Jukumu linalobaki kwa familia ni kukaa pamoja na mwalimu wa taaluma mapema, orodha ya masomo ikiwa mezani, kabla dirisha halijafungwa.