Vinara wa Kuvuta Hewa, Korogwe na Handeni

Tuanze na ulafi, maana watu wengi wanaotaka kubadili filta ya hewa hawajawahi kupiga hesabu ya hewa yenyewe. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Toyota IST ya cc 1,500, ikikanyagwa mafuta hadi mwisho kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, inataka karibu lita 2,200 za hewa kila dakika. Land Cruiser ya 1HZ, dizeli ya cc 4,164 isiyo na tabo, inagusa lita 4,000 kwa mizunguko 2,000 tu. Bodaboda ya cc 125, hata ikilia kwa mizunguko 6,000, haifiki lita 400. Kati ya Segera na Korogwe taji ninalivisha basi la Arusha: injini ya lita tisa humeza lita 9,000 kwa dakika ikizunguka mara 2,000, na hapo tabo bado haijaongeza chake.

Kila lita inaingia na kilichomo. Kwenye lami ya Mkata, Handeni na Korogwe hilo si tatizo kubwa. Acha lami, shika njia ya Kibirashi au ya machimbo ya dhahabu ya Magambazi wakati wa kiangazi, ukae nyuma ya Fuso kwa nusu saa. Vumbi lile jekundu limechanganyika na chembe za mchanga, na mchanga hauna huruma na chuma. Chembe zikipita filta zinakwangua ringi na slivu. Gari linaanza kula oili, linatoa moshi wa bluu, na mwenye gari anaambiwa aandae hela ya kuovaholi.

Kwa kelele, kinara ni filta ya koni iliyofungwa wazi chini ya boneti. Kijana akiifunga kwenye IST yake atakuambia gari limekuwa jepesi. Sauti imebadilika kweli. Ila akiwa kwenye spidi 80 kuelekea Korogwe, kilango cha throto kimefunguka kidogo tu, na hicho ndicho kinachobana hewa. Kuilegeza filta wakati mlango unaofuata umefungwa nusu hakumpi nguvu yoyote. Tena koni hiyo inavuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia tisa, ilhali boksi la kiwandani limepelekewa bomba hadi mbele, nje ya joto la injini. Zile koni za pamba zinazopakwa mafuta zina lao jingine: ukizidisha mafuta, yanasafiri hadi kwenye sensa ya hewa, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Mpandisho wa Mombo kwenda Lushoto ndio unaoninyima raha zaidi nikiwa na gari lisilo na tabo. Ni takriban mita 1,000 za kwenda juu, na juu kule injini imeshapoteza kama sehemu moja ya kumi ya pumzi yake. Hakuna filta inayoirudisha.

Wizi mkubwa kuliko wote wa hewa ulifanywa na Toyota yenyewe. Mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica. Mwaka uliofuata magari ya ubingwa wa dunia yalilazimishwa kuvutia hewa kupitia tundu la milimita 34 mbele ya tabo, nguvu zisizidi. Kwenye mashindano ya Catalunya, Hispania, wakaguzi wakafungua Celica za timu ya Toyota. Mpira wa hewa ulipokazwa, kile kipande chenye tundu kilisogea na kuacha upenyo wa pembeni. Ulipolegezwa ili kukaguliwa, springi zilikirudisha mahali pake, na kila kitu kikaonekana halali. Ilikadiriwa kwamba injini ilipata robo zaidi ya hewa. Toyota ilifutiwa pointi za msimu na kufungiwa mwaka mzima. Nikiri, kama kazi ya fundi, ile ilikuwa safi. Angalia lakini ilifanyika wapi: kwenye injini ya tabo iliyobanwa kwa makusudi. IST haijabanwa na mtu.

Safari Rally hiyohiyo, iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ina rekodi ya uchache: mwaka 1963 yalimaliza magari saba, na mwaka 1968 saba tena. Matope na mito ndivyo vilivyowamaliza wengi. Miaka ya tisini karibu kila timu kubwa iliyokuja ilipandisha mkonga wa kuvutia hewa hadi juu ya paa. Walikimbia maji. Injini ikinywa maji, maji hayagandamiziki kama hewa, na konrodi inapinda pale pale. Anayeshusha bomba lake chini ya bampa kutafuta hewa baridi aikumbuke masika ya bonde la Pangani.

Kwa hiyo, kwa pesa ya mtu wa Handeni, bora ya yote ni mkonga wenye kikombe cha kuzungusha hewa juu yake. Vumbi zito linatupwa nje kabla halijafika kwenye filta. Sharti uwe mkonga wa kweli, maana mingine ni pambo. Weka ubao kwenye mdomo wake injini ikiwa sailensa. Injini ikiendelea kunguruma kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, mara nyingi kwenye kiungio kilicho ndani ya bawa la mbele. Halafu fungua bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka chekundu, jina la kampuni lililoandikwa kwenye filta halina msaada.

Kisichoeleweka kuliko vyote ni filta ya karatasi iliyochafuka kidogo. Inachuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi la mwanzo linaziba vitundu vikubwa. Anayeichomoa kila Jumamosi na kuipiga kompresa kwa nguvu zote anaichana bila kuona.

Na cha bei ndogo kuliko vyote ni kipande cha mpira kilicho chini ya kopo la filta kwenye malori mengi, kinachotema vumbi lililokusanyika. Kwenye Fuso za mahindi utakikuta kimepotea na tundu limezibwa kwa tambara, au limeachwa wazi linyonye vumbi la barabarani moja kwa moja. Mwenye lori akifika duka la spea pale Chanika aulizie kwanza mpira huo, ndipo aulizie mkonga.