Fahamu: Uzio wa nyuki unaozuia ndovu Sagalla

Ni nini?

Mizinga hutundikwa kuzunguka shamba, takriban kila mita 10, na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma, mizinga huyumba na nyuki hutoka kwa hasira.

Ulianzaje?

Mwaka 2007, mtafiti Lucy King na wenzake walionyesha kuwa ndovu hukimbia hata mlio wa nyuki. Ndipo akabuni uzio huu.

Una umuhimu gani?

Sagalla, karibu na Voi nchini Kenya, inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki. Usiku mmoja tu ndovu wanaweza kumaliza mahindi ya msimu mzima. Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha uzio huzuia hadi asilimia 86 ya ndovu mazao yakistawi. Asali nayo huuzwa.

Udhaifu wake?

Ukame. Ule wa 2017 uliacha mizinga mingi tupu.