Sanaa Dhidi ya Uonevu Shuleni (3): Mtazamaji Anapopanda Jukwaani

Katika sehemu mbili zilizopita tuliangalia jinsi uonevu unavyoanza na jinsi unavyoota mizizi bwenini na darasani. Leo tunafika kwenye sura yake ambayo watu wazima wengi wangependa tuiruke: uonevu unaomwangukia mwanafunzi kwa sababu anapenda watu wa jinsia yake, au kwa sababu wenzake wamemdhania hivyo. Huko kudhaniwa kunatosha kumtia mtoto mashakani. Mvulana mwenye sauti nyembamba asiyejali mpira, msichana anayenyoa nywele zote na kukataa kujipamba: hawajasema neno lolote kuhusu nafsi zao, lakini wenzao wameshatoa hukumu na kuanza kuitekeleza.

Kesi iliyoifungua Marekani macho kuhusu uonevu wa namna hii ilitoka katika mji mdogo wa Ashland, jimbo la Wisconsin. Mwanafunzi aliyeitwa Jamie Nabozny aliteswa na wenzake kwa miaka, tangu shule ya kati hadi sekondari. Siku moja wavulana wawili walimwangusha sakafuni darasani wakamdhalilisha, na kumbukumbu za mahakama zinasema wanafunzi wenzao wapatao 20 walikuwa wakitazama na kucheka. Baadaye alipigwa mateke ya tumbo hadi akavuja damu kwa ndani. Kila aliposhtaki, wakuu wa shule walipuuza. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago iliamua kwamba viongozi wa shule wanaweza kuwajibishwa kwa kushindwa kumlinda, na shauri likaishia kwa fidia ya zaidi ya dola 900,000.

Wanasheria huisoma kesi hiyo kwa ajili ya hukumu yake. Mimi huwarudia wale wanafunzi 20. Waliogusa mwili wa Nabozny walikuwa wawili, lakini kicheko kilichowapa nguvu kilikuwa cha darasa zima. Watafiti wa Kanada walirekodi michezo ya watoto katika viwanja vya shule, na katika matokeo yao ya mwaka 2001 walionyesha kwamba wanafunzi wengine walikuwapo katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu. Walioingilia kati walikuwa katika asilimia 19 tu ya matukio. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya majaribio yao yalifanikiwa kuukomesha uonevu. Kwa hiyo nguvu ipo, na imelala kwa hao wanaosimama pembeni. Hotuba ya paredi haiwagusi, kwa kuwa humkemea mwonevu na kumwonea huruma mwonewa, na wao wakarudi madarasani wakiamini kwamba maneno yale hayakuwahusu.

Hapa ndipo sanaa ya jukwaani ina kazi ambayo sioni chombo kingine kinachoweza kuifanya. Uonevu wenyewe ni onyesho: una mtendaji, una mtendewa, na una hadhira, na hadhira ikikataa onyesho halisimami. Aliyelielewa hili vizuri kuliko wote ni Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazil aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1931. Utawala wa kijeshi ulimkamata na kumtesa mwaka 1971, akakimbilia uhamishoni Argentina. Mwaka 1973 alifanya kazi Peru katika kampeni ya kisomo, na huko ndiko alikobuni mtindo unaojulikana leo kama jukwaa huria. Mwenyewe alisimulia kwamba mwanamke mmoja katika hadhira aliudhika kwa jinsi waigizaji walivyoshindwa kuonyesha alichokishauri, akaitwa apande jukwaani akionyeshe mwenyewe. Tangu hapo Boal hakuona tena sababu ya kumwacha mtazamaji kitini.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza ingawa si rahisi kuuendesha. Kikundi cha wanafunzi kinatayarisha igizo fupi, la dakika kumi hivi, linaloishia vibaya. Likimalizika linarudiwa tangu mwanzo, na safari hii yeyote katika hadhira anaweza kupaza sauti, "Simama!" Waigizaji wanaganda. Aliyepaza sauti anapanda, anachukua nafasi ya mwonewa au ya rafiki yake, na kujaribu njia yake. Haruhusiwi kuchukua nafasi ya mwonevu na kumfanya ghafla awe malaika, kwa kuwa bwenini hakuna miujiza ya namna hiyo. Waigizaji wa upande wa uonevu wanabaki katika nafasi zao na kumkabili mgeni wao kwa ukali uleule ambao wangeutumia usiku baada ya prepu.

Chukua mfano wa kubuni. Mhusika tumwite Baraka. Anarudi bwenini anakuta ndoo yake imefichwa na sanduku lake la bati limeandikwa tusi kwa chaki. Wawili wanamwigiza anavyotembea. Sita wanacheka. Mmoja, aliyekuwa rafiki yake muhula uliopita, anageukia ukuta. Baraka anatoka nje, na igizo linaishia hapo. Katika marudio, mwanafunzi wa kwanza anapanda na kufoka; waonevu wanamgeukia yeye na kumwuliza kwa nini anamtetea, naye anakosa jibu. Wa pili anakwenda kwa kiranja. Kiranja anacheka pamoja nao. Wa tatu hasemi lolote kwa waonevu. Anaitafuta ndoo, anamwita Baraka kwa jina, na kumwomba wakamalizie hesabu za kesho. Wale sita wanakosa cha kuchekea, na bweni linabaki na waigizaji wawili wasio na watazamaji.

Sidai kwamba njia ya tatu ndiyo jibu la kila shule. Faida iko katika kujaribu kwa mwili mbele ya wenzako, kushindwa bila kuumia, na kumwona mwingine akijaribu tofauti. Kijana aliyewahi kutamka sentensi ya utetezi jukwaani, hata kwa sauti ya kutetemeka, hatakuwa akiitafuta kwa mara ya kwanza siku ya tukio lenyewe.

Marekani nayo ilipata njia nyingine ya kulitumia jukwaa. Oktoba 1998 Matthew Shepard, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wyoming mwenye umri wa miaka 21 aliyependa watu wa jinsia yake, alipigwa na kuachwa amefungwa kwenye uzio nje ya mji wa Laramie. Alifariki tarehe 12 mwezi huo. Wiki chache baadaye Moisés Kaufman na kundi lake la Tectonic Theater Project walikwenda Laramie kuwahoji wakazi. Mahojiano zaidi ya 200 yakazaa tamthilia ya The Laramie Project, iliyoonyeshwa kwanza Denver mwaka 2000 na ambayo tangu hapo imeigizwa katika shule nyingi za sekondari. Maneno yake yametoka vinywani mwa watu halisi, na mwigizaji mmoja hubeba wahusika kadhaa. Kijana wa miaka 16 anaweza kuwa mtu anayelaani katika onyesho moja na anayeomboleza katika onyesho linalofuata. Zoezi hilo humlazimisha kuzisikia nafsi zote mbili ndani ya kifua chake.

Msomaji ataniuliza: sheria za nchi zetu je? Ni kweli kwamba Kenya, Tanzania na Uganda zinaadhibu mahusiano ya jinsia moja, na Uganda iliongeza ukali mwaka 2023. Lakini hakuna hata moja inayompa mwanafunzi ruhusa ya kumtesa mwenzake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa, kimwili au kisaikolojia, na Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 nayo inakataza kumtendea mtoto ukatili. Hazikuongeza neno "isipokuwa". Mzazi anaweza kuwa na imani yake na bado akataka kila mtoto alale salama.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa Tuseme chini ya Penina Mlama na Amandina Lihamba. Wasichana wa sekondari walichunguza wenyewe yaliyowakwaza, ukiwamo unyanyasaji wa kingono, wakayatungia maigizo, wakayajadili na walimu na wanafunzi wenzao. Baadaye FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, liliueneza mradi huo katika nchi nyingine za Afrika. Wakati ule kumzungumzia mwalimu anayewasumbua wasichana kulikuwa mwiko mkubwa, na jukwaa lilifungua mlango ambao barua ya malalamiko isingeufungua.

Tahadhari ni lazima, maana igizo baya huumiza. Mwanafunzi anayedhihakiwa asipewe kamwe nafasi ya kujiigiza, wala mtu yeyote asishurutishwe kusema yeye ni nani. Katika mazingira yetu kumfichua mtoto kunaweza kumfukuzisha nyumbani. Igizo lionyeshe kitendo, yaani kufichiwa ndoo, kuzomewa, kutengwa mezani, bila kuhitaji kumpa mhusika jina la kundi lolote. Matusi yapunguzwe, kwa kuwa anayepewa nafasi ya mwonevu anaweza kuondoka na msamiati mpya. Na onyesho la siku moja lisilofuatwa na jambo lolote ni burudani tu.

Kwa hiyo, mlezi wa chama cha maigizo, usianze na onyesho kubwa mbele ya mgeni wa heshima. Anza na kidato kimoja, milango ikiwa imefungwa, pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha ambaye wanafunzi wanamwamini. Kabla ya siku hiyo, patana na mkuu wa shule kwa maandishi ni hatua gani zitachukuliwa mtoto akija kushtaki baada ya igizo, kwa sababu atakuja. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kumwandaa mwelekezi wa jukwaa huria.